Jaketi la Kuelea na Mwili wa Mpiga Mbizi Mgeni

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kuwa mkulima aliyeizoea kazi yake hushika jembe lolote aliloletewa, akalima mpaka jua likatua, ilhali mvivu hushinda akipima mipini. Hata hivyo, methali moja haifai kila mahali, kama vile ufunguo mmoja usivyofungua milango yote. Zipo kazi ambazo asiyechagua zana ndiye asiyeijua kazi. Miongoni mwa kazi hizo ni kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, na zana ambayo mgeni hana budi kuichagua kwa makini mno ni jaketi la kuelea. Aliyekosea jembe hurudi nyumbani na malengelenge viganjani. Aliyekosea jaketi huenda akapanda asipotaka kupanda, au akazama asipotaka kuzama, na bahari haina subira ya kumngoja ajirekebishe.

Jaketi hili huvaliwa mithili ya kizibao. Ndani yake mna mfuko usiopenyeza hewa, na mgongoni pana mkanda mpana wa kuushikia mtungi. Begani kushoto huning'inia mpira mrefu wenye vitufe viwili: kimoja huingiza hewa kutoka mtungini, cha pili huitoa. Aidha, kuna valvu za kutolea hewa kwa haraka, ambazo huvutwa kwa vikamba vilivyo begani na karibu na kiuno. Jina lenyewe linaweza kumpotosha mgeni. Anaposikia "jaketi la kuelea", msemaji wa Kiswahili huliwaza lile la rangi ya machungwa wanalovishwa abiria wa mashua. Jaketi bora la uokoaji limeundwa kumgeuza aliyezirai awe uso juu. Jaketi la mpiga mbizi halitoi ahadi hiyo. Kazi yake ni kazi ya mizani. Juu ya maji humpumzisha mvaaji. Chini ya maji humwezesha kukaa katikati, asipande wala asishuke, kama samaki aliyetulia.

Ikumbukwe kwamba mizani hiyo ilichelewa kuvumbuliwa. Wazamia lulu wa Ghuba ya Uajemi walishuka kwa jiwe lililofungwa mguuni, wakapandishwa kwa kamba na mwenzao aliyebaki chomboni. Mwaka 1943, Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walipounda kifaa cha kupumulia kutoka mtungini, mpiga mbizi alipata hewa lakini hakupata mizani. Alitegemea risasi kiunoni, pumzi kifuani na nguvu za miguu. Mwaka 1961, Mfaransa mwingine, Maurice Fenzy, alileta kifuko cha hewa kilichovaliwa shingoni mithili ya kola. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1971, kampuni ya Scubapro ilitoa jaketi lenye matundu ya mikono, na kutoka hapo umbo tunalolijua leo likaenea. Kwa hiyo vazi hili lilitoka shingoni likashuka mwilini, na kadiri lilivyoukumbatia mwili ndivyo swali la vipimo lilivyozidi kuwa zito.

Swali hilo lilimkabili binti mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, mzaliwa wa nyanda za juu za Bonde la Ufa. Alijifunza kuogelea ukubwani, katika kidimbwi, na kwa muda alidhani ameyajua maji. Kumbe maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Wakati wa kaskazi, bahari ya Kenya inapotulia na maji kuwa maangavu, aliteremka pwani ya kusini kujifunza kupiga mbizi. Alikuwa mfupi wa kiwiliwili na mwembamba wa mabega. Jaketi aliloazimwa mafunzoni lilikuwa la mtu mwenye kifua kipana. Alipouliza kama lipo dogo kuliko lile, aliambiwa kwamba atazoea. Hakuuliza tena. Alikuwa amelelewa kuona kwamba mgeni anayekataa alichopewa ana madaha, na kwamba mwanafunzi hambishii mwalimu wake.

Juu ya maji, jaketi lilipojazwa hewa lilipanda mpaka masikioni mwake, naye akabaki akining'inia ndani yake kama mtoto aliyevishwa kanzu ya baba. Mkanda wa kifuani ulimkaba koo. Mtungi uliyumba huku na huku mgongoni. Akigeuka kushoto, wenyewe unamvuta kulia. Alipotaka kushuka hakuweza, kwa kuwa hewa ilijificha katika mikunjo ya jaketi na haikufika kwenye valvu. Mwalimu akamwongezea risasi, kisha akamwongezea tena, hata zikawa kilo 10. Sasa alishuka, tena kwa kasi. Alipofika mita 10 alibonyeza kitufe ili asimame, akapanda, akatoa hewa, akaporomoka, akabonyeza tena. Katika kuhangaika huko, pezi lake la mguuni liligonga tumbawe na kipande kikakatika. Alipanda mashuani bila kusema neno. Jioni ile aliamua kwamba bahari si ya watu wa bara.

Kabla ya kuendelea, inafaa kueleza kwa nini risasi nyingi hazikumsaidia. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo linalokaribia lile la angahewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo hewa iliyojaza lita 8 juu ya maji hubaki lita 4 kwenye kina cha mita 10. Mtu aliyebeba kilo 4 zisizohitajika hulazimika kuingiza takribani lita 4 za hewa ya ziada ili asimame kwenye kina hicho. Akipanda kidogo tu hadi mita 5, lita hizo 4 huwa lita 5 na theluthi. Amebebwa zaidi, kwa hiyo hupanda zaidi. Anapopanda zaidi, hewa huzidi kutanuka. Mduara huo ndio uliomkamata binti yule. Hatari yake si ya mchezo, kwani anayepaa ghafla huku amezuia pumzi aweza kupasuka mapafu, na anayepanda haraka baada ya kukaa chini aweza kupatwa na maradhi yatokanayo na viputo vya naitrojeni mwilini. Ndiyo maana wapiga mbizi hufunzwa kupumua bila kukoma, kupanda polepole, aghalabu wasizidi mita 9 au 10 kwa dakika, na kutua kwa dakika 3 kwenye kina cha mita 5 kabla ya kutoka.

Kesho yake, kwenye gati la Shimoni, mahali ambapo mashua huondokea kwenda katika hifadhi ya bahari ya Kisite, binti yule alikutana na mzee aliyekuwa akisuuza vifaa kwa maji baridi. Alimwamkia, naye akaitikia marahaba. Mzee alitazama michubuko iliyokuwa shingoni mwa binti, akauliza imetoka wapi. Alipomaliza kusikiliza, alicheka kidogo.

"Mwanangu, bahari haijakukataa. Umevishwa vazi la mtu mwingine."

"Lakini niliambiwa nitazoea, mzee."

"Huzoeleka kile kinachokufaa. Kisichokufaa huvumiliwa tu, na chini kule hakuna nafasi ya kuvumilia."

Maneno hayo yalimwelea. Wanafunzi wa Kiswahili wanajua kwamba kitenzi hiki kina nyuso mbili: kitu huelea juu ya maji, na jambo humwelea mtu likawa wazi akilini, ndipo naye akasemwa kuwa ameelewa. Siku ile binti aliona jinsi nyuso hizo zinavyokaribiana. Hakuweza kuelea kwa kuwa hakuwa ameelewa kitu alichovaa.

Mzee alimwonyesha jinsi jaketi linavyopimwa. Kwanza, livaliwe juu ya suti ile ile ya kuzamia itakayotumika majini, kwa maana suti ya unene wa milimita 3 na ile ya milimita 7 hubadilisha ukubwa wa mwili. Mikanda yote ilegezwe, jaketi livaliwe, kisha mikanda ikazwe mmoja baada ya mwingine. Ikiwa mikanda imevutwa hadi mwisho na jaketi bado linacheza, hilo ni kubwa, hata kama linapendeza. Vilevile mkanda usiwe umefika mwisho wake hata kama unabana sawasawa, kwa sababu suti hubanwa na maji kinani ikawa nyembamba, na mvaaji atahitaji nafasi ya kukaza tena.

Pili, jaketi lijazwe hewa mpaka valvu ya usalama ilie kwa kuitoa iliyozidi. Katika hali hiyo mvaaji avute pumzi ndefu. Akihisi mbavu zimebanwa, jaketi hilo ni dogo au limeshonwa kwa namna isiyomfaa. Haifai kujidanganya kwamba litatanuka kwa kutumiwa. Mtu aliyechoka juu ya mawimbi huhitaji pumzi zake zote, na huo ndio wakati jaketi linapokuwa limejaa.

Tatu, mwenzake asimame nyuma yake, ashike mikanda ya mabega, aivute juu. Mwili ukipanda pamoja na jaketi, ni vyema. Jaketi likipanda peke yake hadi masikioni, basi hata majini litafanya vivyo hivyo. Hiki ndicho kipimo ambacho kingemwokoa binti yule tangu siku ya kwanza, nacho hakigharimu hata shilingi moja.

Nne, mvaaji afumbe macho na kutafuta kwa mkono vitu vyote anavyovihitaji: kitufe cha kuingiza hewa, kitufe cha kuitoa, vikamba vya valvu, bizimu za mikanda, na vishikio vya mifuko ya risasi. Asichoweza kukifikia akiwa amesimama barazani hatakifikia akiwa na hofu chini ya maji yenye tope. Mwisho, mtungi ufungwe mahali pake, naye atazame juu. Ukimgonga kisogoni, ushushwe kidogo.

Mzee alisisitiza jambo moja ambalo wageni wengi hulisahau. Herufi zinazoandikwa shingoni mwa jaketi kuonyesha ukubwa si kipimo cha kuaminika, kwa sababu kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Wala urefu wa mtu na uzito wake havitoshi. Kinachoamua zaidi ni urefu wa kiwiliwili, yaani kutoka mabegani hadi kiunoni, pamoja na upana wa mabega na mzunguko wa tumbo. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuhitaji majaketi tofauti. Yapo pia majaketi yaliyoshonwa kwa ajili ya wanawake, ambayo aghalabu huwa mafupi kiwiliwili, na mikanda yake ya mabega hupinda ili isibane kifua. Hata hivyo si kila mwanamke atafaidika nayo, na wapo wanaume wembamba wanaoyaona yanawafaa. Mwili ndio unaoamua, bali si maandishi ya dukani.

Suala la aina nalo lina uzito wake. Jaketi la kawaida huzungushia hewa ubavuni na mgongoni. Juu ya maji humsimamisha mvaaji wima, jambo linalompa mgeni utulivu. Aina ya pili huweka hewa yote mgongoni. Hii huacha kifua wazi, na chini ya maji humsaidia mtu kulala sawasawa kama ubao. Lakini juu ya maji, likijazwa kupita kiasi, laweza kumsukuma kifudifudi mpaka azoee kuegemea nyuma na kupunguza hewa. Aina ya tatu ni bati la chuma au la alumini lililofungwa mikanda, likiwa na mfuko wa hewa wenye umbo la bawa. Mikanda yake hukatwa kwa kipimo cha mwili wa mwenyewe, na ukanda wa katikati ya miguu huzuia kifaa kisipande. Inafaa sana, ila humtaka mtu atumie muda kuirekebisha, na mgeni asiye na wa kumwelekeza aweza kuifunga vibaya. Hakuna aina iliyo bora kuliko zote. Iliyo bora ni ile iliyokaa mwilini na ambayo mwenyewe anajua kuitumia.

Kuna pia kishawishi cha ukubwa. Mgeni huamini kuwa jaketi linaloweza kubeba mzigo mkubwa zaidi ndilo lenye usalama zaidi. Katika maji ya joto kama ya pwani yetu, anayevaa suti nyembamba na kubeba mtungi mmoja huhitaji uwezo wa wastani tu: utakaofidia uzito wa hewa iliyo mtungini na kubanwa kwa suti, na utakaoweza kuvibeba vifaa vyenyewe juu ya maji vikivuliwa. Mfuko mkubwa usiohitajika hukokota maji na kuipa hewa nafasi ya kuhamahama, ikamlaza mtu upande asioutaka.

Baada ya kupata jaketi dogo lililomkaa, binti alipimwa risasi upya. Alisimama wima katika maji marefu, mtungi ukiwa umekaribia kwisha, jaketi likiwa tupu, mapafu yakiwa na pumzi ya kawaida. Maji yalipaswa kumfika machoni; na alipotoa pumzi, azame taratibu. Mtungi hupimwa ukiwa karibu mtupu kwa sababu hewa ina uzito. Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojazwa kwa kiasi cha kawaida hubeba zaidi ya kilo 2 za hewa, nazo hupungua kadiri mtu anavyopumua. Asiyekumbuka hilo atajikuta mwepesi mwishoni, wakati anapotakiwa kutulia kwenye mita 5. Binti alihitaji kilo 6. Zile 4 zilizozidi zilikuwa ada aliyolipia jaketi la mtu mwingine.

Katika mbizi iliyofuata hakubonyeza kitufe zaidi ya mara chache. Aligundua kwamba kazi kubwa hufanywa na pumzi: akivuta kwa utaratibu hupanda kidogo, akitoa hushuka kidogo. Jaketi lililomkaa lilimwachia nafasi ya kuyahisi hayo. Miguu yake haikuning'inia tena. Ilikaa nyuma yake, juu ya matumbawe. Hilo si jambo dogo. Matumbawe ya Kenya yaliathirika vibaya na joto la mwaka 1998, ambapo mengi yalipauka na kufa. Tumbawe kubwa la mviringo hukua kwa takribani sentimita 1 tu kwa mwaka. Kipande anachokivunja mgeni kwa pezi lake kwa nukta moja chaweza kuwa kazi ya miaka kadhaa. Kwa hiyo jaketi lisilomkaa mtu huumiza pande mbili: humhatarisha mwenyewe, na huiharibu nyumba aliyoalikwa.

Wapo watakaosema kwamba ushauri huu ni wa wenye fedha, kwani mwanafunzi hana uwezo wa kununua jaketi jipya. Hoja hiyo ina mashiko, lakini haimwondolei mtu haki ya kuchagua. Wengi huanza kwa kukodi, na aliyekodi anaweza kujaribu majaketi matatu kabla mashua haijang'oa nanga. Anayenunua lililotumika naye ana vipimo vyake. Alijaze hewa na kuliacha usiku kucha. Likinywea, lina tundu. Abonyeze kila kitufe na kuhakikisha kwamba kinarudi chenyewe, kwa sababu chumvi iliyokauka ndani hukifanya kikwame, na kitufe cha kuingiza hewa kikikwama jaketi hujijaza lenyewe. Likimtokea hayo majini, aondoe mpira unaoleta hewa na avute kikamba cha valvu papo hapo. Baada ya kila mbizi, jaketi lisuuzwe kwa maji baridi nje na ndani, likaushwe kivulini.

Wahenga walikwisha kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Katika maisha ya nchi kavu, hasara ya nguo hiyo ni aibu. Chini ya maji, aibu ndiyo inayozaa hasara: mtu huona haya kusema kwamba kifaa hakimfai, akashuka nacho. Heshima kwa mwalimu ni jambo jema, na hakuna mwalimu mwema anayechukizwa na swali. Wala adabu haimtaki mtu anyamaze hadi akabwe koo. Binti yule alikaribia kurudi bara akiamini kuwa mwili wake una kasoro, ilhali kasoro ilikuwa katika mikanda na bizimu.

Basi kwa kila anayekusudia kuyavulia nguo maji haya, na ajue kwamba ujasiri wake wa kwanza hauhitajiki mita 18 chini. Unahitajika barazani, mashua ingali imefungwa, mbele ya mtu anayemheshimu, ili aweze kutamka kwa sauti ya kusikika: "Samahani mwalimu, hili halinikai. Naomba jingine."